Wanaprogramu wa ridhaa hukutana wapi mtandaoni, na kwa nini baadhi yao hawaonekani kabisa

Kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na mambo mawili yasiyopatana. Kila mtu anamwambia afungue akaunti GitHub, ajiunge na X, ajaze wasifu wake LinkedIn, kwa sababu asipoonekana huko hakuna atakayejua kama yupo. Kisha anaanza kuchimbua programu anazozitumia kila siku. Anafungua faili moja inayotegemewa na kompyuta za dunia nzima, na aliyeiandika hana picha, hana wafuasi, hana ukurasa wowote. Kaacha jina na anwani ya barua pepe, basi.

Maswali ninayoulizwa mara nyingi yanazaliwa hapo. Je, GitHub ni Facebook ya watu wa kompyuta? Discord si ya wacheza gemu? Mastodon ni kitu gani, na kwa nini watu walihama X kwenda huko? Na huyu asiyetaka kuonekana popote anaficha nini? Majibu yapo, ila yamefungamana, na tusipotenganisha maneno machache mapema tutazidi kuchanganyikiwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kwenye soka tunamjua mchezaji wa ridhaa. Mchana yuko bandarini au anafundisha shule, jioni anavaa njumu na kuingia uwanjani bila mshahara wala mkataba. Mwanaprogramu wa ridhaa ni wa aina hiyo hiyo. Anaandika programu kwa sababu kitu kinamsumbua akilini na anataka kukiona kikifanya kazi. Kuwa wa ridhaa hakumfanyi awe dhaifu, na mara nyingi ni mtu yule yule: mchana benki inamlipa kwa kazi hiyo, usiku anaifanya bure kwenye meza ya kulia chakula. Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwaandikia watumiaji wenzake wa mfumo wa Minix, kwenye mtandao wa mazungumzo wa zama hizo ulioitwa Usenet, kwamba anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha kompyuta nzima. Alisema wazi ni jambo la kujifurahisha tu, halitakuwa kubwa. Mfumo huo ndio Linux. Kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ile ambayo huenda unaisomea makala hii.

Neno jingine ni msimbo. Nitalitumia kwa yale maandishi ambayo mwanaprogramu anayaandika ili kompyuta iyatekeleze. Wengine husema kodi, lakini neno hilo kwetu lina kazi nyingine.

Sasa, "mtandao wa kijamii". Hapa ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu tunaita kwa jina moja vitu vitatu ambavyo mwanaprogramu anavitafuta kwa sababu tofauti. Kwanza anahitaji stoo, mahali pa kuweka msimbo wake ili usipotee na wenzake waweze kuuchukua. Pili anahitaji kijiwe, mahali pa kukaa na watu wanaoelewa anachosema, aulize, abishane, acheke nao. Tatu ni jukwaa, kwa maana ya pale msanii anaposimama taa zikammulika. Mtu anaweza kutaka stoo na kijiwe na asilitake jukwaa hata kidogo. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama maajabu ya watu wa kompyuta yanakuwa mambo ya kawaida.

Tuingie stoo.

Git na GitHub si kitu kimoja, na kosa hili nalisikia hata kwa watu waliokwisha kuajiriwa. Git ni programu ambayo Torvalds huyo huyo aliiandika mwaka 2005 ili kutunza historia ya msimbo wa Linux. Ichukulie kama daftari la mwenye duka makini: hafuti mstari wa jana, anaandika mstari mpya chini yake, na kila mstari una tarehe na jina la aliyeuandika. Ukikosea leo unarudi kwenye ukurasa wa juzi. Daftari hilo linakaa kwenye kompyuta yako, na kila mwenzako anayefanya kazi nawe analo lote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Halihitaji intaneti ili uliandikie.

GitHub ni kampuni iliyoanza mwaka 2008 na inayokuwekea nakala ya daftari hilo kwenye seva zake, yaani kompyuta zinazowaka saa zote, ili wengine walifikie. Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Juu ya stoo, GitHub iliongeza mambo ya Facebook: unaweza kumfuata mtu, kuupa mradi wake nyota, na kuona kwenye ukurasa wake visanduku vya kijani vinavyoonyesha siku alizofanya kazi. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba GitHub ni stoo iliyojengewa jukwaa juu yake. Wengi wanaingia stoo na hawapandi ngazi.

Zipo stoo nyingine. GitLab ni mojawapo. Codeberg inaendeshwa na chama cha wanachama chenye makao Berlin, hakina wanahisa wala matangazo, na mwishoni mwa 2025 lugha ya programu iitwayo Zig ilihamishia mradi wake huko kutoka GitHub. Wengine hukodi seva ndogo na kujiwekea stoo yao. Git yenyewe haijali iko wapi.

Kijiwe kina historia ndefu zaidi. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Jarkko Oikarinen alitengeneza IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi matupu: hakuna picha, hakuna sauti, unaingia chumba chenye jina la mada na unaanza kuongea. Upo hadi leo na wanaprogramu wa ridhaa bado wanakaa humo. Mwaka 2021 mtandao mkubwa wa IRC ulioitwa Freenode uliingia mgogoro wa umiliki. Watu waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea waliondoka wakaanzisha Libera.Chat, na miradi mingi ikawafuata ndani ya wiki chache. Walihama kijiwe kizima, na benchi lao wakalibeba.

Discord ilianza 2015 kwa ajili ya wacheza gemu, hilo ni kweli. Ila ilikuwa rahisi kufungua, ya bure, na ina sauti, kwa hiyo vikundi vya lugha za programu na vya watengeneza gemu wadogo vilihamia humo. Kwetu Afrika Mashariki, kijiwe kikubwa ni WhatsApp, kisha Telegram. Sababu haina falsafa yoyote ndani yake. Simu ndiyo kompyuta ya kwanza ya wengi wetu, na kifurushi cha WhatsApp kinanunulika hata mfukoni kukiwa kumekauka.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hili linaniuma.

Kijiwe hakina kumbukumbu. Mtu anauliza saa tatu usiku kwa nini programu aliyoiandika kwa lugha ya Python inakataa kusoma faili lenye herufi za Kiarabu. Anatokea dada mmoja mwenye subira, anamjibu kwa Kiswahili safi, hatua kwa hatua, mpaka inakubali. Kufika asubuhi zimeshuka jumbe mia tatu, salamu, picha za harusi, tangazo la kazi, na jibu lile limezama. Mgeni anayejiunga mwezi ujao kwa kawaida haoni yaliyosemwa kabla hajafika. Na hakuna injini ya utafutaji, si Google wala nyingine, inayoweza kuingia ndani ya kikundi cha WhatsApp ikalitoa. Discord nayo iko hivyo hivyo, mazungumzo yake yako ndani ya uzio. Slack, programu ya kuchati inayotumiwa na jumuiya nyingi za kujitolea, tangu Septemba 2022 huwaonyesha wasiolipa ujumbe wa siku 90 tu zilizopita. Sisi tunaolalamika kwamba maarifa ya kompyuta hayapo kwa Kiswahili tunayazalisha kila usiku, na kila asubuhi tunayazika.

Stack Overflow ilianzishwa mwaka 2008 na Joel Spolsky na Jeff Atwood kutibu ugonjwa huo huo. Ni kijiwe chenye karani: swali moja, ukurasa mmoja, majibu yanapigiwa kura, na ukurasa unabaki wazi kwa dunia nzima. Faida yake ni kubwa mno. Gharama yake ni ukali. Swali likifanana na lingine linafungwa, na mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu huondoka ameumia, asirudi. Nimewaona wengi waliokimbilia WhatsApp kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Kwenye jukwaa sasa. LinkedIn, mali ya Microsoft tangu 2016, ni jukwaa la kutafuta kazi. Mwanaprogramu wa ridhaa asiyetafuta kazi hana shughuli kubwa huko. Reddit ina vikundi vya kila lugha ya programu. Hacker News, ya tangu 2007, ni orodha ya viungo na mabishano isiyo na picha hata moja, inayoendeshwa na kampuni ya uwekezaji ya Y Combinator. Jina lake huwatisha watu, kwa hiyo nifafanue: neno hilo la Kiingereza lilianza kutumika kwa maana ya kompyuta kwa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, kumsifu mtu anayechezea mitambo kwa ustadi na mapenzi. Maana ya mdukuzi mwizi ilikuja baadaye. Anayejiita hivyo kwenye ukurasa wake mara nyingi anasema tu kwamba anapenda kazi hii.

X, ilipokuwa bado Twitter, ndiyo iliyokuwa jukwaa na kijiwe cha wanaprogramu kwa pamoja. Na ni pale ilipobadilika, baada ya Elon Musk kuinunua mwaka 2022, ndipo watu wa kawaida walipoanza kusikia jina la Mastodon.

Mastodon ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake umewekwa wazi, aliyoianzisha Eugen Rochko, Ujerumani, mwaka 2016. Wengi wanapata shida kuielewa kwa sababu wanaitafuta kampuni na hawaioni. Fikiria simu. Wewe uko Airtel, mama yako yuko Vodacom, shangazi yuko Safaricom ng'ambo ya mpaka, na mnapigiana. Hakuna aliyelazimika kuhamia kampuni ya mwenzake, kwa sababu kampuni hizo zina makubaliano ya namna ya kupokezana simu. Mastodon iko hivyo. Kuna seva nyingi zinazoendeshwa na watu na vikundi tofauti, kila moja na sheria zake, na zinapokezana ujumbe kwa makubaliano yaitwayo ActivityPub, yaliyopitishwa mwaka 2018 kuwa kiwango rasmi na W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti. Seva ya Fosstodon, kwa mfano, imejaa watu wa programu huria. Mwenye seva yako akikuudhi, unahamia nyingine na wafuasi wako wanakufuata, ingawa maandiko yako ya zamani hubaki ulikotoka. Hakuna siri wala giza. Ni mtandao usio na mwenye nyumba mmoja.

Haya ya mwenye nyumba ndiyo yanayotupeleka kwenye sababu za kujiepusha.

Mwanaprogramu wa ridhaa ana tabia moja inayomtofautisha na mtumiaji mwingine wa mtandao: akiupenda, anaujengea vitu. Kila mtandao huwa na kidirisha cha pembeni ambacho programu nyingine hupitia kuchukua na kuleta taarifa, wenyewe hukiita API. Kifananishe na dirisha dogo la nyuma ya duka ambalo vijana wa bodaboda huchukulia mizigo bila kupanga foleni ya wateja. Kupitia dirisha hilo watu wa ridhaa walitengeneza akaunti za kutangaza matetemeko ya ardhi, za kutuma shairi kila asubuhi, za kuwasomea wasioona. Hawakulipwa. Januari 2023, miezi mitatu baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, programu za nje za kusomea Twitter zilikatwa ghafla. Februari ukaja utaratibu mpya: dirisha la bure linafungwa, anayetaka alipe. Kazi za miaka ya watu zikazimika.

Mwaka huo huo Reddit ikafanya lake. Ilitangaza bei ya dirisha lake, na Christian Selig, aliyetengeneza programu ya kusomea Reddit iitwayo Apollo, akapiga hesabu akaona atatakiwa kulipa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Tarehe 12 Juni maelfu ya vikundi vya Reddit vilifunga milango kwa kupinga. Kampuni haikurudi nyuma, na Apollo ilifungwa mwisho wa mwezi. Kampuni zina haki ya kutoza, seva zinakula umeme na fedha. Ila aliyejenga chumba kwenye kiwanja cha mtu na kuvunjiwa mara mbili, ya tatu hajengi. Wengi waliokimbia mitandao mwaka 2023 hawakuwa na ugomvi wa siasa na mtu yeyote. Walichoka kuvunjiwa.

Sababu ya pili imekuja na akili mnemba. Mwaka 2021 GitHub ilionyesha Copilot, msaidizi anayekuandikia msimbo, aliyefundishwa kwa msimbo ambao watu walikuwa wameuweka wazi. Hapa kuna dhana potofu ya kuondoa: msimbo uliowekwa wazi si mali ya bure ya kila apitaye. Programu huria huja na leseni, yaani masharti ya mwandishi. Moja inasema chukua, tumia, ila acha jina langu. Nyingine inasema chukua, ila ukiibadilisha na kuisambaza, nawe uweke wazi mabadiliko yako. Na msimbo usio na leseni yoyote unabaki kuwa haki ya aliyeuandika, hata kama unauona mbele ya macho yako. Msaidizi wa akili mnemba akimeza yote hayo na kutema kipande bila jina wala sharti, aliyekitoa anajiona amedhulumiwa. Kesi ilifunguliwa Marekani Novemba 2022. Mwaka huo huo Software Freedom Conservancy, taasisi inayotetea programu huria, iliwasihi watu waihame GitHub.

Stack Overflow, iliyonunuliwa na kampuni ya Prosus mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.8, ilitangaza Mei 2024 kushirikiana na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Baadhi ya waliokuwa wamejibu maswali bure kwa miaka walianza kufuta majibu yao kwa hasira. Majibu yakarudishwa, na wengine wakasimamishiwa akaunti. Kwa masharti waliyoyakubali wakati wa kujiunga, kampuni ilikuwa na nguvu ya kufanya hivyo. Ninawaelewa walioudhika, ingawa naona kufuta jibu humuumiza zaidi mwanafunzi wa kesho kuliko kampuni.

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya Wazungu wenye intaneti isiyokatika. Kwetu kuna sababu zinazotugusa wenyewe. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, hadi mwaka 2021 tozo hiyo ilipobadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Telegram ilizuiwa Kenya Novemba 2023 na tena 2024, wakati wa mitihani ya taifa. X ilifungiwa Tanzania Mei 2025, na tangu Oktoba 2023 kutumia VPN, programu ya kupitia njia ya pembeni hadi mitandao iliyofungwa, kulishawekewa masharti ya kujiandikisha. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima kwa siku kadhaa. Mwanaprogramu aliyeweka kijiwe chake, mawasiliano yake na jina lake lote kwenye mtandao mmoja anajikuta siku moja hana hata pa kumwuliza mwenzake kama yuko salama. Daftari lake la Git, kama alilivuta kabla, bado liko kwenye kompyuta yake na linaandikika.

Wala si serikali za huku tu. Julai 2019 GitHub, kwa kufuata vikwazo vya Marekani, iliwafungia baadhi ya huduma watumiaji wa Iran, Syria na Crimea, pamoja na stoo zao za binafsi. Iran ilirudishiwa huduma Januari 2021. Watu hao hawakuwa wamefanya kosa lolote zaidi ya mahali walipo.

Kuna pia mizani ya jukwaa yenyewe, nyota na visanduku. GitHub zamani ilihesabu siku ngapi mfululizo mtu amefanya kazi bila kukosa. Watu wakawa wanaamka usiku wa manane kubadilisha neno moja ili hesabu isikatike, na Mei 2016 kampuni ikaiondoa. Nyota zimebaki, nazo zinauzwa: mwishoni mwa 2024 watafiti walichapisha hesabu ya nyota milioni 4.5 walizozishuku kuwa za bandia. Kwa hiyo mwajiri anayempima kijana kwa nyota anapima kitu kinachonunuliwa. Na kijana asiye na nyota hata moja, ambaye programu yake ya kuhesabu michango ya kikoba cha mama yake inafanya kazi kila mwezi bila kukosea shilingi, ni mwanaprogramu kamili. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimewaona waliokata tamaa.

Sababu ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na inaeleweka vizuri kwa kisa kimoja.

Lasse Collin ni mwanaprogramu wa Finland anayetunza xz, programu ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo karibu kila kompyuta ya Linux. Aliitunza kwa miaka mingi, kwa ridhaa, bila kulipwa. Mwaka 2022 watu asiowajua walianza kumwandikia wakimlaumu kwamba anachelewa, kwamba mradi umekufa, kwamba ampishe mwingine. Alijibu kwa upole kwamba hii ni kazi ya ridhaa isiyo na malipo na kwamba afya yake ya akili imekuwa na matatizo kwa muda. Wakati huo huo mchangiaji aliyejiita Jia Tan, aliyetokea mwaka 2021, alikuwa akimsaidia kwa bidii na adabu. Hatimaye Collin akamkabidhi sehemu ya funguo. Mapema 2024 Jia Tan akapenyeza ndani ya matoleo mawili ya xz mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva za watu. Wengi wanaofuatilia usalama wanaamini wale waliomshinikiza Collin walikuwa kundi moja na Jia Tan, kwa sababu baada ya kazi kukamilika hawakuonekana tena.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akataka kujua kwa nini. Tarehe 29 Machi 2024 aliwatangazia wenzake kwa barua pepe ya wazi, na akaandika pia Mastodon. Matoleo yenye mlango ule yalikuwa bado hayajafika kwenye mifumo mingi mikubwa.

Shinikizo lile lilikuja kwa barua pepe. Kwa hiyo kukaa mbali na X au Reddit hakumkingi mtu na mizigo ya watu. Lakini kila akaunti ya ziada ni mlango wa ziada wa kupokea lawama, na mtu wa ridhaa ana saa mbili za usiku, watoto wakishalala. Akizitumia kujibu, haandiki. Wengi wasioonekana wamefanya hesabu hiyo tu. Hawafichi uovu, na wala hawana dharau kwa wenzao. Wamechagua saa zao mbili ziende wapi.

Anayewatafuta watu hao anaweza kuwapata. Kila mstari wa daftari la Git una jina la aliyeuandika na, mara nyingi, anwani yake. Mwandikie barua fupi: eleza ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, na toleo unalotumia. Usidai jibu kesho. Na kama tatizo lenu mmelitatua kwa Kiswahili kwenye kikundi cha WhatsApp, mmoja wenu alinakili jibu hilo mahali pa wazi usiku huo huo, hata kwenye faili moja ndani ya stoo, pamoja na swali lake.

Mara baada ya tangazo la Freund, GitHub iliufunga mradi wa xz na kusimamisha akaunti ya Collin pamoja na ya Jia Tan. Ilichukua siku chache kumrudishia Collin ya kwake. Siku hizo, dunia nzima ikimtafuta, alikuwa na ukurasa wake kwenye tukaani.org, nje ya GitHub, na nakala ya daftari lake lote huko huko. Hapo ndipo alipoandika maelezo yake. Aliupitia msimbo taratibu, na tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2, mlango ukiwa umeondolewa.